Mkono Uliomvusha Mama Mkwe

Kama ndiyo kwanza unalifungua gazeti hili, nitakufupishia mikosi yangu, maana kwa urefu wake chai yako itapoa.

Mimi ni mwalimu wa udereva. Wanafunzi wananiita Breki, kwa kuwa gari letu la mafunzo lina breki mbili, moja ya mwanafunzi na moja yangu, na ya kwangu ndiyo inayochakaa mapema. Nina mchumba, fundi cherehani. Wanamwita Sindano: akikuchoma neno, utajipapasa mwili mzima uone damu imetokea wapi.

Na Sindano ana mama. Huyo mama ndiye aliyenikataa mwaka mzima.

"Binti yangu haolewi na mwanamume anayeshinda kwenye kiti cha abiria," alisema. "Mwanamume gani huyo, kila siku anaendeshwa na wanafunzi?"

Wiki iliyopita niliwaacha kwenye makutano ya barabara ambayo sisi wa kazi hii tunayaita Buriani. Taa za pale huwaka zikijisikia. Nyekundu, kwa madereva wengi, ni ushauri tu. Ya manjano maana yake kanyaga mafuta. Na wale pundamilia waliochorwa barabarani wamefutika milia, wamebaki punda.

Kwenye usukani nilikuwa na Bibi Klachi, mstaafu mmoja aliyeamua kujifunza gari uzeeni. Pembeni alisimama mama mwenye kikapu, amejitanda mtandio mpaka puani kwa vumbi. Anatoa mguu, anaurudisha, kama mtu anayeonja maji ya kuoga. Hakuna gari lililomwonea aibu.

Nikamhurumia. Nikakanyaga breki yangu, gari likasimama. Nikatoa mkono dirishani, nikagonga mlango kwa vifundo vya vidole, ngo, ngo, kisha nikaufagia mkono mbele: pita, mama, pita.

Akapita.

Nilichosahau ni kwamba barabara ile ina njia mbili za kwenda upande mmoja. Mimi niliifunga yangu tu. Ile ya pili haikuwa yangu kuigawa, wala sikuitazama kwenye kioo. Pikapu ya kusambaza maji ikatupita ubavuni kama iliyotumwa.

Nilikimbia, nikapiga magoti, nikaufunua ule mtandio.

Mama mkwe.

Sasa tuendelee, maana hapo mlidhani mkosi umekwisha. Hapo ulikuwa unafunga kamba za viatu tu.

*

Nilimbeba kwenye gari la wanafunzi, nikaendesha mwenyewe mpaka hospitali, Bibi Klachi kule nyuma ameshika kichwa cha mama mapajani. Mguu ulikuwa umevunjika, kichwa kimegongwa. Siku ya kwanza mama hakumjua hata bintiye. Alipozinduka vizuri, nilikuwa nimekaa kando ya kitanda, najiandaa kwa laana.

Sindano akamwinamia. "Mama, huyu unamjua?"

Mama akanitazama. Nikaona macho yake yananitafuta, yananipata.

"Si yule wa kiti cha abiria?"

"Ndiye aliyekubeba, mama. Daktari anasema ungechelewa kidogo tu tungekuwa tunaongea mengine."

"Alikaa kiti gani?"

"Cha dereva, mama."

Kisha akautoa mkono chini ya shuka, akaukamata wangu. Mama yule ana vidole vya mtu aliyekanda unga maisha yake yote. Akikushika, umeshikwa.

"Basi nimekubali," akasema. "Waambie wazee wako waje. Wasingoje nipone, waje hapa hapa. Kibovu ni mguu, masikio ni mazima."

Sindano akaangua kilio. Mgonjwa wa kitanda cha pili akapiga kigelegele, kisha akashika mbavu zake kwa maumivu, maana naye alikuwa na zake.

Ndugu zangu, mlango nilioubisha mwaka mzima ulifunguka siku niliyotamani ubaki umefungwa.

Na mkono aliokuwa ameukamata ndio ule ule. Wa dirishani.

Sema sasa, nikajiambia. Sema, Breki, kabla kigelegele hakijapoa. Nikafungua mdomo.

"Asante, mama," nikasema.

"Si mama," akanisahihisha. "Mama yako."

*

Hapa lazima niwaeleze habari ya ngo, la sivyo hamtanielewa mbele.

Ngo ni lugha ya chuo chetu. Injini za magari yetu zina kelele kuliko walimu, na mwanafunzi akishikwa na hofu masikio yanaziba. Kwa hiyo hatupigi kelele, tunagonga. Ngo moja: simama. Ngo mbili: nenda. Nimegonga hivyo mpaka imeniingia kwenye damu. Nikimpisha mtu mlangoni, nagonga fremu mara mbili na kumfagilia mkono. Nikimkaribisha mgeni kwenye kiti, nagonga kiti. Sindano hunicheka: "Siku ya harusi nakuomba usinigongee. Nitakuja mwenyewe."

Basi, nikatoka nje ya wodi kuvuta pumzi, nikamkuta Bibi Klachi kwenye benchi la koridoni, na mfuko wa matunda mapajani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwalimu. Mimi nimekuja kukuomba radhi."

"Radhi ya nini tena?"

Akatazama huku na huku. "Siku ile pale Buriani ulinigongea mbili. Nilizisikia wazi kabisa. Ngo, ngo. Nikajua natakiwa niende. Lakini mguu ukagoma, mwalimu. Nimekuaibisha mbele ya magari ya watu."

Jamani, kumbe zile ngo mbili alizisikia na huyu! Kama mguu wa bibi huyu ungekuwa mtiifu, mama mkwe angegongwa na gari langu mimi, kwa amri yangu mimi.

"Kwani bibi, hukumwona mtu mbele ya gari?"

"Nimwone wapi? Watu wakivuka mimi nafumba macho. Nisije nikaona jambo baya."

"Bibi! Unashika usukani umefumba macho?"

"Si wewe una breki yako?"

Nikakaa kwenye benchi.

"Bibi, nakuomba kitu. Zile ngo mbili usimtajie mtu."

"Kwa nini?"

"Aibu ya mwanafunzi... haitangazwi."

Akanishika bega, machozi yanamlenga. "Unanisitiri, mwalimu. Mungu akusitiri na wewe."

Dua nyingine ukiiitikia amina, unajiombea balaa.

*

Siku iliyofuata trafiki akaniita kituoni kutoa maelezo. Dereva wa pikapu alikuwa amekamatwa. Nilikwenda nimejikaza. Yule ndiye mwenye kosa, nilijiambia njia nzima. Yeye ndiye aliyelipita gari lililosimama kwenye kivuko. Mimi kosa langu ni adabu.

Wakamtoa mahabusu ili anitazame. Yuko pekupeku, mkanda wamemvua, suruali ameishikilia kwa mkono mmoja.

"Mwalimu Breki!" akapiga ukelele kama aliyeokolewa kwenye maji. "Afadhali umekuja wewe!"

Alikuwa Moto.

Moto ni mwanafunzi wangu wa zamani. Tulimpa jina hilo kwa sababu alikuwa anaondoa gari kama anakimbia nyumba inayoungua. Nilimfundisha mwenyewe, nikampeleka kwenye mtihani mwenyewe, na siku alipopata leseni alininyanyua juu kama kikombe cha ushindi.

"Mnajuana?" askari akauliza, kalamu hewani.

"Huyu ni mwalimu wangu!" Moto akasema. "Mwambie, mwalimu. Mwambie mimi si mtu wa kugonga watu."

"Ulimpita mtu kwenye pundamilia," nikasema.

"Sikumwona! Mbele yangu kulikuwa na gari la chuo chetu, kibao kile cha mwanafunzi juu. Limesimama. Nikasema ni mwanafunzi kazima injini, kama tulivyokuwa tunazima sisi. Wewe mwenyewe ulikuwa unatuambia darasani, unakumbuka? Gari likisimama bila sababu lina shida zake, wewe pita na zako."

Askari akacheka. "Huo ndio ufundishaji?"

Ulikuwa utani, ndugu zangu. Kila darasa nilikuwa nautupia, na kila darasa walicheka. Sikujua kuna mtu anauandika moyoni.

"Sasa mtafuteni mwalimu aliyekuwa kwenye lile gari," Moto akaendelea. "Yule ndiye anajua alisimama kwa nini. Kama mama alikuwa ameanza kuvuka mwenyewe, au kuna aliyemwambia avuke. Maana yule mama hakutazama upande wangu kabisa, mwalimu. Alikuja kama mtu aliyepewa ruhusa."

Askari akaninyooshea kalamu. "Mwalimu wa lile gari si huyo hapo."

Suruali ya Moto ikataka kumponyoka. Akaiwahi.

"Wewe?" akasema polepole. "Basi tumekwisha pona. Mwalimu, ulipokanyaga breki, kioo ulikitazama? Uliniona nakuja?"

Kioo. Somo la kwanza la chuo chetu, kabla ya ufunguo, kabla ya mkanda. Kila mwanafunzi aliyesahau kioo nilimgonga kichwani kwa rula, kwa utani.

"Sikukuona," nikasema. Hilo lilikuwa kweli.

"Na mama?" askari akauliza. "Alivuka mwenyewe, au kuna aliyemwita?"

Chumba kile kilikuwa na feni juu. Nikaitazama mpaka ikanichosha. Nikamwona Sindano moyoni, nikaiona ile mikono ya kukanda unga, nikausikia ule "Mama yako".

"Alivuka mwenyewe."

Moto alinitazama tu, kama mtu aliyekanyaga breki akakuta hakuna kitu chini ya mguu. Wakamrudisha ndani. Kabla mlango haujafungwa nikamsikia anauliza, si kwa hasira, kwa kushangaa tu:

"Mwenyewe?"

*

Nikaenda kwa Sindano nimwambie yeye kwanza. Nilijipanga vizuri. Nitaingia, nitafunga mlango wa kibanda chake, nitasema kabla sijakaa.

"Simama wima," akaniambia kabla sijafungua mdomo. "Nakupima suti."

"Sindano, nina neno."

"Neno utalisema unapimwa. Inua kidevu."

Akanizungushia futi shingoni. Fundi mzuri hulegeza kidole kimoja upate kupumua. Siku ile alikuwa na mawazo, hakulegeza.

"Mama ameanza kukumbuka," akasema, pini mdomoni. "Anasema kuna mtu alimwita."

"Alimwita vipi?"

"Anasema yeye hakuwa na nia ya kuvuka. Alikuwa anangoja magari yaishe. Kuna mtu akamwambia pita. Ndiyo maana hakutazama upande wa pili. Mtu akikuambia pita, Breki, si unajua ameshakutazamia njia?"

"Pengine kichwa kile, mpenzi. Aligongwa kichwa."

"Ndivyo nilivyomwambia na mimi. Akakasirika." Akatoa pini mdomoni, akaichoma kwenye kola yangu. "Lakini kama yupo huyo mtu, nimjue tu. Dereva yule angalau hakumwona. Huyu alimwona, akampeleka. Nitamshona mdomo kwa hiki cherehani, kwa ile mishono ya zigizaga."

Futi bado iko shingoni.

"Ulikuwa na neno gani?" akauliza.

"Suti," nikasema. "Isibane sana."

*

Asubuhi ya jana tukawa wote kando ya kitanda. Mama ameegemea mito miwili, mguu wenye plasta umeinuliwa kama mzinga. Sindano upande huu. Mimi kwenye kiti cha mgeni, katikati ya kitanda na ukuta, mahali ambapo ukiingia hutoki mpaka mwenzako atoke. Yule askari wa kituoni kasimama miguuni na karatasi zake, amekuja kuchukua maelezo ya mgonjwa.

"Uso sikuuona," mama alikuwa anasema. "Jua lilikuwa limewaka kwenye kioo chote cha gari. Niliona mkono tu."

Askari akaacha kuandika. "Mkono wa nani, mama? Shahidi wetu anasema ulivuka mwenyewe."

"Shahidi gani?"

"Mkweo."

Mama akageuka. "Wewe hukuuona ule mkono, mwanangu?"

"Mimi, mama... nilikuwa namwangalia mwanafunzi."

"Ah. Basi." Akakubali mara moja, ndugu zangu. Alinikubalia kwa wepesi kiasi kwamba ningependa kupigwa kofi. "Labda ni gari jingine. Lakini si mkono peke yake. Kabla ya mkono kulikuwa na sauti. Kama mtu anabisha hodi. Ndiyo iliyonifanya nitazame."

Sindano, aliyekuwa anakunja shuka, mikono yake ikapungua mwendo.

"Hodi barabarani?" askari akauliza.

"Nimekuambia kama. Acha nikumbuke, usinisukume."

Nikasema moyoni, nyamaza, Breki. Usikohoe, usipumue. Leo utapita. Ukitoka hapa utatafuta njia ya kumsaidia Moto kwa mlango wa nyuma, lakini leo nyamaza.

Na nilinyamaza. Mdomo wangu haukunisaliti hata kidogo.

Akaja nesi na kitoroli cha dawa. Njia ya wodi imezibwa na magoti yangu, yaliyochomoza miguuni mwa kitanda.

"Samahani, kaka, naomba nipite."

Nikavuta magoti. Na kwa kuwa mimi ni mtu mwenye adabu zangu, nikagonga chuma cha kitanda, ngo, ngo, nikaufagia mkono mbele.

"Pita, dada, pita."

Nesi akapita. Magurudumu ya kitoroli yakalia mpaka mwisho wa wodi.

Mkono wangu ulikuwa bado hewani. Nikautazama kama mtu anayemtazama mbwa wake amemng'ata jirani. Nikaushusha pajani, nikauficha chini ya ule mwingine.

Askari alikuwa anafunua ukurasa, hakuona kitu. Sindano alikuwa ametupa mgongo.

Mama hakuwa anamwangalia askari. Hakuwa anamwangalia nesi. Aliyatazama mapaja yangu, pale mikono ilipojificha.

"Tokeni nje," akasema.

"Mama, maelezo hayajaisha," askari akasema.

"Yataisha. Toka na karatasi zako. Na wewe mwanangu, toka. Vuta pazia. Mkwe abaki."

Sindano akanitazama. Sikuweza kumtazama. Akavuta pazia la kitanda, pete zake zikakwaruza kwenye bomba mpaka zikakutana. Tukabaki wawili ndani ya kitambaa cha kijani, ukuta mgongoni kwangu, plasta mbele yangu.

Mama aliurekebisha mto wake. Alipoongea hakuongea kwa ukali. Afadhali angeongea kwa ukali.

"Mama wa yule kijana alikuja hapa," akasema. "Yule aliyewekwa ndani. Alipiga magoti hapo ulipokaa. Akaniambia, mwanangu anaapa lile gari alidhani limezima. Anaapa kuna mtu alikuita. Unajua nilimjibu nini?"

"Hapana, mama."

"Nilimwita mama wa muuaji. Nikamwambia atoke na uongo wa mwanawe. Akatoka, analia, anajifuta kwa upindo wa nguo. Mwanamke wa rika langu."

Akautoa mkono chini ya shuka. Ukaja juu ya plasta, ukavuka, ukafika mapajani kwangu, ukaufukua wangu mahali ulipojificha. Ukaubeba, ukauweka juu ya kile chuma cha kitanda. Ukauachia.

"Rudia," akasema.

"Mama..."

"Sitaki maneno. Maneno yako nimeyasikia, hata askari anayo kwenye karatasi. Nataka kusikia ule mlio. Kama si wewe, gonga, nitajua si wewe, nitakuomba radhi na utamwoa mwanangu. Rudia."

Nikainamisha kichwa nipate pa kukimbizia macho. Chini ya pazia kulikuwa na uwazi wa kama kiganja. Nikaziona buti za askari, zinaondoka taratibu kuelekea dirishani.

Na viatu vya Sindano nikaviona. Vile vyekundu vyenye kamba niliyoifunga mimi siku alipokuwa ameshika nguo mikono yote miwili. Havikuwa vimeondoka. Vilikuwa vimeligusa pazia kabisa, ncha zimeelekea ndani, vimetulia kama watu wanaosikiliza.

Sindano hana haja ya kuona mkono. Mlio ule anaujua gizani.

"Mwanangu," mama akasema, "nangoja."

Vidole vyangu vikajikunja juu ya chuma. Chuma kilikuwa cha baridi.